Mali Bila Daftari: Mwongozo wa Kutetea Msaada wa Chakula Jinja na Mbale

Siku ya ugawaji, akina mama hufika kabla ya jua. Hupanga magunia matupu na mabeseni mstari mmoja mbele ya nyumba ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, kila chombo kikimshikia mwenyewe nafasi, wao wakingoja kivulini. Lori hufika saa sita. Mwenyekiti hufungua daftari, husoma jina baada ya jina, na mabeseni husogea. Jua likipinda daftari hufungwa, na hapo utamwona bibi mmoja bado amekaa chini, gunia lake limekunjwa mapajani. Akiuliza, huambiwa: "Jajja, jina lako halipo. Orodha imetoka juu." Bibi hushukuru, huinuka, huenda zake.

Ukikaa Masese au Walukuba kule Jinja, Namatala au Namakwekwe kule Mbale, huhitaji kusimuliwa zaidi. La kuangalia ni hili: posho ya bibi haikupotea siku ile. Ilipotea majuma kadhaa nyuma, siku majina yalipoandikwa naye hayupo. Au ilipotea miaka mingi nyuma, mwaka wake wa kuzaliwa ulipokisiwa kwenye kitambulisho. Au ilipotea ukumbini, siku bajeti ilipojadiliwa na hakuna mtu wa mtaa wake aliyeketi humo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwongozo huu unakuonyesha jinsi ya kushika daftari lako mwenyewe, kujua mlango wa kubisha, na kusema kwa namna ambayo ofisi haiwezi kujifanya haikusikia.

KWA NINI USEME

Kwa sababu ni haki yako. Katiba ya Uganda ya 1995, katika Lengo la XXII la malengo ya taifa, inaitaka serikali ihimize watu kulima na kuweka chakula cha kutosha, ianzishe akiba ya chakula ya taifa, na iendeleze lishe bora. Lengo hilo peke yake halikutilii unga kwenye gunia, lakini linakupa mahali pa kusimama unapouliza. Ibara ya 29 inakupa haki ya kutoa maoni na kupeleka malalamiko kwa amani. Ibara ya 38 inakupa haki ya kushiriki shughuli za amani za kushawishi sera za serikali. Ibara ya 41 inakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Kwa sababu anayenyamaza huhesabiwa ameshiba. Aprili 2020, wakati wa karantini ya Covid, serikali ilianza kugawa unga na maharagwe kwa watu milioni 1.5 walioelezwa kuwa wenye shida zaidi. Mgao huo ulikuwa wa Kampala na Wakiso. Mwendesha boda wa Jinja na mama muuza nyanya wa Mbale nao walikuwa wamefungiwa ndani bila kipato, ila hawakuwa kwenye hesabu. Wakati wa karantini ya pili, Julai 2021, serikali ilituma shilingi 100,000 kwa simu, na mara hii majiji mengine na manispaa ziliingizwa. Hata hivyo wapo waliokosa kwa sababu jina la kwenye laini ya simu halikufanana na la kwenye kitambulisho. Karatasi tena.

Kwa sababu mfuko wa nje umepungua. Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilisitisha msaada wa chakula kwa wakimbizi milioni 1 nchini Uganda kwa kukosa fedha. Tarehe 1 Julai 2025 shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifungwa rasmi. Fedha zikipungua, anayekatwa kwanza ni yule asiye na wa kumsemea.

Kwa sababu kuuliza kunaleta matokeo. Mwaka 2023 waandishi wa habari na wabunge waliuliza mabati ya watu wa Karamoja yalikwenda wapi. Mawaziri walifikishwa mahakamani, na Aprili 2025 Mahakama ya Kupambana na Ufisadi ilimtia hatiani Agnes Nandutu, aliyekuwa Waziri wa Nchi wa Karamoja na mbunge wa Bududa, na kumhukumu kifungo cha miaka minne.

SANDUKU LA 1: JUA KILICHO CHAKO

Huwezi kutetea kitu usichokijua jina. Hapa kwetu msaada wa chakula, au wa kununulia chakula, huja kwa njia hizi:

- Chakula cha maafa. Hutoka Ofisi ya Waziri Mkuu kupitia wilaya au jiji, na pengine kwa Msalaba Mwekundu. Ndicho kinachotarajiwa baada ya mkasa kama mafuriko ya mito Nabuyonga na Namatala yaliyoikumba Mbale usiku wa kuamkia 31 Julai 2022, au maporomoko ya ardhi ya Bulambuli ya Novemba 2024. Ni bure.
- Fedha za wazee, SAGE. Ni shilingi 25,000 kwa mwezi. Mpango ulipoenezwa nchi nzima kuanzia mwaka wa fedha 2019/20, umri uliowekwa ulikuwa miaka 80 na zaidi. Muulize afisa maendeleo ya jamii ni umri gani unaotumika sasa. Ni fedha, lakini katika nyumba nyingi ndizo posho na mukene wa wiki.
- Chakula cha tiba kwa watoto. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 hupimwa mkono kwa mkanda wenye rangi. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu: utapiamlo mkali, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Mhudumu wa afya wa kijiji, VHT, anaweza kumpima nyumbani.
- Mlo wa shule. Sheria ya Elimu ya 2008 imewaachia wazazi jukumu la chakula. Lakini sheria hiyohiyo inakataza mtoto wa shule ya UPE, elimu ya msingi ya bure, kufukuzwa kwa sababu mzazi hakulipa mchango.
- Misaada ya mara moja. Ya misikiti, makanisa, mashirika na wasamaria wema. Hii nayo ina orodha, na orodha yake inaulizika.

Fedha za PDM, mpango wa maendeleo wa kila muluka, hazimo humu. Zile ni mkopo wa kuanzishia shughuli, na mkopo hurudishwa.

SANDUKU LA 2: MLANGO UPI, KWA SHIDA IPI

Kwanza jua unakaa upande gani. Tangu 1 Julai 2020 kuna Jiji la Jinja na Wilaya ya Jinja, Jiji la Mbale na Wilaya ya Mbale, kila moja na ofisi zake. Jiji la Jinja lina divisheni ya Kaskazini na ya Kusini. La Mbale lina Kaskazini na Industrial. Barua iliyopelekwa upande usio wake hulala kwenye meza ya mtu asiye na uwezo wa kuijibu.

- Jina halimo kwenye orodha ya mtaa: mwenyekiti wa LC1 na kamati yake, kisha chifu wa muluka.
- Mzee hapati SAGE, au umri wake umekosewa: afisa maendeleo ya jamii wa divisheni au gombolola, pamoja na ofisi ya NIRA inayoshughulika na vitambulisho.
- Chakula kilifika mjini, mtaani hakikufika: Karani wa Jiji, yule wengi humwita taun klaki. Upande wa wilaya ni afisa mkuu mtendaji, yaani CAO.
- Programu haina bajeti au imekatwa: diwani wako na mbunge wako. Kumbuka kwamba baraza la madiwani lina wawakilishi wa wazee, wa watu wenye ulemavu, wa vijana na wa wanawake. Kwa sheria ya serikali za mitaa, baraza hilo hukutana angalau mara moja kila miezi miwili.
- Wizi au rushwa: Inspekta Mkuu wa Serikali, IGG, mwenye ofisi za kanda Jinja na Mbale. Unaweza kwenda kueleza kwa mdomo.
- Kubaguliwa au kunyimwa haki: Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, yenye ofisi ya kanda Jinja.
- Mtoto ameachwa na njaa au ananyanyaswa: piga simu 116, Sauti. Ni bure.

HATUA KWA HATUA

1. Zunguka nyumba kumi. Nunua daftari la kawaida. Jioni, watu wakiwa wamerudi, pita nyumba kumi za mtaa wako. Keti, ulizia habari za watoto, kisha uliza maswali manne tu: Mko wangapi? Jana mlikula mara ngapi? Mliandikishwa kwa msaada gani? Mara ya mwisho mlipata nini, lini? Andika tarehe juu ya kila ukurasa. Usiandike namba ya kitambulisho, huihitaji. Kuuliza "mna njaa?" kunamfedhehesha mtu, naye atajibu "tunamshukuru Mungu". "Jana mlikula mara ngapi?" hujibiwa kwa ukweli.

2. Tenganisha shida. Soma majibu na uyapange mafungu manne: (a) jina halimo, (b) jina limo, kitu hakikufika, (c) kilifika pungufu, (d) msaada umesimama au haukuwahi kuwekwa kwenye bajeti. Kila fungu lina mlango wake. Ukiyachanganya yote katika lalamiko moja, kila ofisa atajibu lile fungu ambalo si lake.

3. Pata ushahidi unaoshikika. Ushahidi ni tarehe, mahali, kipimo na mashahidi wawili. Chukua mfano wa kipimo. Unga ukigawiwa kwa kikombe cha tumpeco, kikombe kilichojaa hadi juu na kilichosawazishwa kwa kiganja havilingani, na kilichopigwapigwa chini kinabeba zaidi ya vyote viwili. Ombeni mizani ya sokoni siku ya ugawaji. Ikikosekana, mgao wa nyumba tatu upimwe dukani siku hiyohiyo mbele ya mashahidi, kabla haujafunguliwa jikoni. "Walitupunja" ni neno tu. "Nyumba tatu zilipimwa, kila moja ikapungukiwa kilo moja" linamfanya karani achukue kalamu.

4. Fanyeni kikao, mchague watano. Sauti ya mtu mmoja huitwa fitina. Sauti ya watano huitwa mtaa. Katika watano awemo mwanamke mwenye watoto wadogo, mzee, mtu mwenye ulemavu na kijana anayejua kuandika. Awemo pia mtu wa jamii ambayo kwa kawaida haisikiki. Masese na Namatala zina familia nyingi zilizotoka Karamoja, na nyingi hukosa msemaji kikaoni. Andikeni kumbukumbu: nani walikuwepo, mliamua nini, kila mmoja atie sahihi au dole gumba.

5. Anzeni na aliye karibu, kwa heshima. Hata kama mnamshuku mwenyekiti, anzeni kwake. Mkimruka atasema hakuambiwa, na ofisi za juu zitawarudisha kwake. Mazungumzo yaweza kwenda hivi:

"Mwenyekiti, habari za kazi. Tumetumwa na majirani."
"Karibuni. Kuna nini?"
"Tumepita nyumba kumi, nne zina wazee ambao hawakusomwa siku ya unga. Tumekuja kwako kwanza kwa sababu wewe ndiye mzazi wa mtaa. Tunaomba kuiona orodha, na tunaomba majina haya manne yaongezwe kwa maandishi."
"Orodha ilishaenda divisheni."
"Sawa, mzee. Basi tupe barua ya kututambulisha, tuifuate hukohuko."

Ona kilichofanyika. Hakuna aliyeitwa mwizi. Mmeomba vitu viwili vinavyowezekana, na hata alipokataa mmeondoka na njia ya kwenda mbele. Andika siku na jibu lake kwenye daftari.

6. Pelekeni barua, mrudi na muhuri. Andika nakala mbili. Moja ofisi ibaki nayo, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe pale masjala, urudi nayo nyumbani. Barua isiyo na muhuri haikuwahi kufika. Barua ya ukurasa mmoja inatosha. Mfano uko kwenye Sanduku la 3.

7. Ombeni habari kwa sheria. Ofisi ikinyamaza, tumieni Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005. Ombi linajibiwa ndani ya siku 21, na hulazimiki kueleza unaitakia nini habari hiyo. Ukimya wa siku 21 huhesabiwa kuwa kukataliwa, na aliyekataliwa anaweza kulalamika mbele ya Hakimu Mkuu wa eneo. Ombeni kitu mahususi: orodha ya waliopokea chakula cha maafa mtaa fulani, mwezi fulani, au hati ya kupokelea mzigo inayoonyesha magunia yaliyofika stoo ya jiji. Ukiomba "habari zote za msaada" utapewa tabasamu.

8. Ombeni orodha isomwe hadharani kabla ya ugawaji. Kama una nguvu ya kudai jambo moja tu, dai hili. Mwishoni mwa 1994, wanakijiji wa Rajasthan, India, wakiongozwa na chama cha MKSS, walianza kusoma hadharani orodha za malipo ya kazi za umma. Jina likitajwa, mtu anasimama: huyu alikufa zamani, huyu hajawahi kufanya kazi hapa, mimi nimeandikwa nimelipwa, sijaona senti. Vuguvugu lile liliendelea hadi India ikapata sheria yake ya haki ya habari, mwaka 2005, mwaka uleule ambao Uganda ilipata yake. Jirani zetu wa Tanzania nao, katika mpango wa TASAF wa kaya maskini, hupeleka majina kwenye mkutano wa kijiji yathibitishwe. Nasi tuombe hivyo: orodha ibandikwe na isomwe siku saba kabla ya lori, kwa jina na mtaa pekee, ili aliyesahaulika aongezwe na marehemu atolewe wakati bado kuna nafasi ya kufanya hivyo.

9. Pandeni ngazi. Majuma mawili au matatu yakipita bila jibu, pelekeni nakala zenye mihuri kwa diwani, na mumwombe aulize kikaoni. Nendeni kwenye baraza, ile mikutano ya uwajibikaji iliyoanzishwa 2009 chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ambako maofisa hueleza mbele ya wananchi fedha zimefanya nini. Ulizeni kwa RDC, yaani mwakilishi wa rais wilayani, au RCC upande wa jiji, itaitishwa lini. Redio nazo zina masikio: Baba FM na Busoga One kwa Jinja, Step FM na Open Gate kwa Mbale. Mkipiga simu kipindini, semeni jambo moja kwa dakika moja: wapi, lini, wangapi, mnaomba nini, mmeshamwandikia nani.

SANDUKU LA 3: MFANO WA BARUA

Tarehe: …………
Kwa: Karani wa Jiji, Jiji la ………… 
Kupitia: Mwenyekiti wa LC1, mtaa wa …………; Afisa Maendeleo ya Jamii, Divisheni ya …………

YAH: KAYA ZILIZOACHWA KATIKA MGAO WA CHAKULA, MTAA WA …………

Sisi wakazi tuliotia sahihi hapa chini tunakusalimu. Tarehe ………… chakula cha maafa kiligawiwa mtaani kwetu. Tulitembelea kaya ………… Kati ya hizo, ………… ziliathirika na maafa lakini hazikuandikwa. Kaya ………… ziliandikwa lakini hazikupokea. Majina na maelezo yameambatishwa kwenye bahasha iliyofungwa.

Tunaomba: (1) kaya hizo zihakikiwe na ziongezwe kabla ya mgao unaofuata, (2) orodha ya mtaa isomwe hadharani siku saba kabla ya ugawaji, (3) tujulishwe kwa maandishi idadi ya magunia yaliyopokewa kwa ajili ya mtaa huu.

Tutafika ofisini tarehe ………… kupokea jibu.

Sahihi au dole gumba: …………
Nakala: Diwani wa eneo, RCC.

Mstari wa "tutafika ofisini" usiuache. Unaipa barua siku ya kuzaliwa na siku ya kuulizwa. Mkiweza, ambatisheni tafsiri ya Kiingereza, kwa kuwa ofisi nyingi huandika faili zake kwa lugha hiyo. Ila asiyejua Kiingereza asikae kimya kwa sababu hiyo.

SANDUKU LA 4: KALENDA YA KUSEMA

Mwaka wa fedha huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Anayelalamika Juni amechelewa karibu mwaka mzima.

- Agosti na Septemba: mahitaji hukusanywa mitaani na miluka. Pelekeni hesabu ya nyumba kumi.
- Oktoba na Novemba: mikutano ya bajeti ya majiji na wilaya. Watano wenu wawepo, mmoja aombe nafasi ya kusema.
- Kufikia 31 Desemba: hati ya mfumo wa bajeti ya taifa huwa Bungeni.
- Januari hadi Machi: ongeeni na mbunge. Kufikia 15 Machi wizara huwasilisha Bungeni taarifa zao za sera na matumizi.
- Kufikia 31 Mei: Bunge hupitisha bajeti.
- Kabla ya mvua: majanga ya Mlima Elgon hayachagui mwezi. Vijiji vya Bududa vilizikwa na udongo 1 Machi 2010, vingine vikazikwa 11 Oktoba 2018. Mbale ilifurika Julai. Bulambuli ikaporomoka Novemba. Orodha ya wazee, wagonjwa na wenye watoto wachanga iwe tayari wakati wa kiangazi.

TAHADHARI

- Angalia unamwambia nani siri. Sheria ya 2010 ya kuwalinda wafichuaji inakulinda ukitoa taarifa kwa nia njema kwa ofisi zilizotajwa humo, zikiwemo IGG, polisi, RDC na Tume ya Haki za Binadamu. Ukianza kwa kurusha tuhuma mtandaoni, huna kinga hiyo.
- Taja jambo, usimtaje mwizi. Sema "magunia 40 yalipokewa, 25 yakagawiwa", kama una hati. Kuhukumu ni kazi ya mahakama, na kuna watu waliofikishwa kizimbani kwa waliyoandika mitandaoni.
- Mkutano wa hadhara una taratibu. Sheria ya 2013 inadai taarifa ya maandishi kwa polisi angalau siku tatu kabla. Watu watano wenye barua wana njia nyepesi zaidi, na mara nyingi yenye matokeo zaidi.
- Linda heshima ya wenye shida. Usimpige picha mtoto aliyekonda ukaisambaza. Usitume kwenye WhatsApp karatasi yenye namba za vitambulisho. Nchi ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019.
- Jina kwenye orodha haliuzwi. Anayedai "kitu kidogo", au anayemdai mama au binti mwili wake ili amwandike, anatenda kosa. Msimwache mwathirika aende polisi peke yake.
- Msikubali kugeuzwa tarumbeta ya mwanasiasa. Kilo ya sukari ya kampeni si msaada mnaoutetea. Pokeeni wageni wote, ila barua ibaki na sahihi za wakazi.

MAKOSA YA KAWAIDA

1. Kungoja lori. Siku ya ugawaji hakuna jina linaloongezwa bila la mwingine kufutwa. Semeni wakati wa kuandikisha.
2. Kukuza idadi. Mkisema mia nne na wakikuta hamsini, hata hao hamsini hawataaminiwa.
3. Kuacha kitambulisho kiseme uongo. Ripoti ya 2021 ya shirika la ISER na washirika wake ilionyesha jinsi kitambulisho cha taifa kilivyowafungia wazee nje ya SAGE na wanawake nje ya huduma za afya. Kama umri wa mzee umekosewa, anzeni kuurekebisha leo. Tafuteni cheti cha ubatizo, kadi ya zamani ya kodi, au umri wa mtoto wake wa kwanza.
4. Kumsahau asiyeweza kutembea. SAGE inaruhusu mzee kuteua mtu wa kumpokelea. Hakikisheni jina la mteule limeandikwa, na mzee mwenyewe anaambiwa kiasi kilichotoka.
5. Kuchoka baada ya barua moja. Faili hubaki juu ya rundo kwa sababu kuna anayerudi kuliulizia.
6. Kusahau kushukuru. Ofisa aliyesikia na kurekebisha aandikiwe barua fupi ya asante, nakala kwa mkubwa wake. Atawakumbuka mvua ijayo.

KABLA HUJATOKA NYUMBANI

☐ Daftari lina tarehe kwenye kila ukurasa
☐ Nimejua kama niko upande wa jiji au wa wilaya
☐ Shida zimetengwa katika mafungu manne
☐ Tuko angalau wawili
☐ Kumbukumbu za kikao zina sahihi
☐ Barua ni nakala mbili
☐ Ombi letu ni mambo matatu au chini ya hapo
☐ Namba za vitambulisho hazionekani
☐ Tumepanga siku ya kurudi

Sasa mrudie yule bibi mwenye gunia mapajani. Si lazima umtafute mbali. Huenda ni nyumba ya tatu kutoka kwako. Leo jioni pita kwake na daftari. Muulize jana alikula mara ngapi, na mwombe akuonyeshe mwaka ulioandikwa kwenye kitambulisho chake. Liandike jina lake, msomee asikie umeliandika. Kisha nenda nyumba ya pili.